Jalada la kidijitali liwe mali ya mwanafunzi mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limekuwa likinikera tangu mjukuu wangu alipomaliza Gredi ya 9 mwaka wa 2025, na ambalo naamini wazazi wengi wa Mombasa wamekutana nalo. Katika miaka mitatu ya sekondari ya msingi, mtoto huyo alichonga kielelezo cha dau kwa mbao za masanduku ya matunda, akarekodiwa akighani beti za utenzi alizozitunga mwenyewe, na akapanda mchicha katika madebe huku akiandika kila juma urefu wa miche na kiasi cha maji aliyoitilia. Kazi zote hizo zilipigwa picha kwa simu ya mwalimu wake. Baadaye mwalimu akapata uhamisho, simu ikaharibika, na dau lenyewe likaliwa na mchwa katika stoo ya shule. Siku alipokwenda kuanza Gredi ya 10, mkononi alikuwa na karatasi ya matokeo na barua ya kuitwa shuleni, basi.

Simlaumu mwalimu yule. Nami nilishika chaki kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na ninajua mtu mwenye darasa la wanafunzi 60 hawezi kugeuzwa kuwa mtunza kumbukumbu wa kila mmoja wao. Ninachokilaumu ni mazoea yetu ya kumwachia mwalimu, na wakati mwingine mzazi, kazi ambayo kwa haki ni ya mwanafunzi, yaani kukusanya, kuchagua na kueleza yale aliyojifunza.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote katika madarasa ya chini mwaka 2019, ulituahidi kwamba mtoto hatapimwa tena kwa mtihani mmoja wa mwisho. Ahadi hiyo kwa sehemu imetimizwa. Matokeo ya Gredi ya 9 yanajengwa kwa asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini zinazofanywa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9. Lakini tazama kinachosafiri. Mwalimu huipata kazi ya tathmini katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa, mwanafunzi huifanya, mwalimu huisahihisha, kisha alama hupakiwa katika tovuti ile ile. Zinazopanda ni alama. Kazi yenyewe hubaki chini, katika kabati lenye unyevu wa pwani ambao sisi wa hapa twajua unavyozifanya karatasi ziote ukungu msimu mmoja tu wa masika. Mwalimu wa Gredi ya 10 anayempokea mtoto huona kwamba amefikisha matarajio, lakini hana njia ya kuona alichokifanya mpaka akayafikisha.

Ndiyo maana napendekeza kila mwanafunzi, kuanzia Gredi ya 7, asaidiwe kutengeneza jalada la kidijitali la kazi zake, na jalada hilo limfuate popote aendapo. Wengine huliita potifolio, nami sina ugomvi na jina. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba hili ni jambo geni linalohitaji wataalamu na mitambo. Mwendee mpambaji wa hina yeyote katika mitaa ya Mji wa Kale, umwambie una harusi. Kabla hajakutajia bei atafungua simu akuonyeshe mikono na miguu aliyoipamba, na hatakuonyesha yote, atachagua ile anayoona itakufaa, akueleze hii aliichora kwa saa ngapi na ile ya piko inadumu namna gani. Seremala wa milango hufanya vivyo hivyo, na mshonaji wa mabuibui pia. Watu hawa hakuna aliyewafundisha somo la kutengeneza jalada, lakini wamelielewa kuliko shule nyingi, kwa sababu wanajua kwamba kuhifadhi picha ni kitu kimoja na kuchagua picha na kuisemea ni kitu kingine.

Hapa ndipo pana uzito wa hoja yangu, na naomba nikae hapo kidogo. Nimeona majalada ya wanafunzi yaliyojaa picha 40 au 50 za kila kilichofanywa darasani tangu muhula wa kwanza, zisizo na neno hata moja la mtoto mwenyewe. Hilo ni ghala. Jalada lenye manufaa lina kazi chache, labda nane au kumi kwa mwaka, na kila kazi imeambatanishwa na maelezo mafupi ya mwanafunzi kuhusu alichokusudia kufanya, mahali alipokwama, alichokibadilisha, na anachokiona bado kina kasoro. Mjukuu wangu lile dau lake la kwanza lilizama katika beseni kwa sababu mkuku wake ulikuwa umekaa upande. La pili lilielea lakini likalalia ubavu mmoja. Kama kungekuwa na picha ya madau yote matatu na sauti yake akieleza kwa nini la tatu lilisimama sawa, mwalimu wa sayansi na mwalimu wa sanaa wangepata humo mambo ambayo hakuna karatasi ya mtihani ingeyatoa. Kwa hiyo kazi iliyoharibika nayo ina haki ya kuingia jaladani, pengine kuliko iliyofaulu.

Nimesema sauti kwa makusudi. Watoto wetu wengi, hasa wa upande wa Kisauni na Likoni ninakotembelea mara kwa mara, hueleza jambo kwa ufasaha wakisema, kisha hukauka kalamu inapotua kwenye karatasi, hasa wakitakiwa kuandika Kiingereza. Rekodi ya dakika moja au mbili, kwa Kiswahili au hata kwa Kigiriama ikiwa ndiyo lugha aliyofundishiwa kusuka ukili na nyanya yake, ni ushahidi halali wa ujuzi. Tena humlinda mtoto na jingine ambalo siku hizi linatusumbua, kwani insha iliyoandikwa na akili unde inaweza kupita machoni pa mwalimu aliyechoka, ilhali mtoto aliyetakiwa aseme kwa mdomo wake kwa nini alichagua neno hili akaacha lile atajulikana mara moja kama kazi ni yake.

Kuhusu wizi wa aina nyingine nitasema kwa ufupi, maana kila mzazi anaujua. Jioni kabla ya siku ya kukusanya kazi, saiba za mitaani hujaa akina mama na akina baba wanaopiga foleni ya kuchapisha picha za rangi, na pembeni yupo kijana anayeuza vielelezo vilivyokwisha kutengenezwa. Mimi mwenyewe nimesimama katika foleni hiyo, na nilipofika nyumbani mtoto alikuwa amelala. Kazi ile ilikuwa yangu na ya mwenye saiba. Jalada linaloonyesha hatua za kazi, kuanzia ubao mtupu hadi dau lililopakwa rangi, haliwezi kununuliwa kirahisi hivyo.

Najua nitaulizwa vifaa viko wapi. Swali hilo lina haki yake, lakini mara nyingi huulizwa ili mazungumzo yaishe. Nimepiga hesabu. Picha ya simu ikipunguzwa ukubwa na rekodi fupi ya sauti pamoja na maelezo havizidi megabaiti 5 kwa kazi moja. Kazi kumi kwa mwaka ni megabaiti 50, na kwa miaka mitatu ni 150. Darasa zima la wanafunzi 60 litahitaji gigabaiti 9 kwa miaka yote mitatu, nayo huenea katika kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 ambayo ni ndogo kuliko ukucha. Nakala moja ikae kwa mwalimu mkuu, nyingine apewe mwanafunzi anapohitimu. Hakuna intaneti katika hesabu hiyo, wala hakuna mwanafunzi anayelazimika kuja na simu shuleni, jambo ambalo shule nyingi haziruhusu. Simu moja ya shule na kipindi kimoja kwa juma vinatosha. Katika shule niliyostaafia, vishikwambi vilivyoletwa chini ya mpango wa serikali wa mwaka 2016 kwa ajili ya watoto wa madarasa ya chini vilikuwa vimefungiwa kabatini kwa hofu ya kuibwa, na sidhani shule hiyo ilikuwa peke yake.

Hata hivyo siwezi kulipita suala la intaneti bila kusema kitu kama mtu wa Mombasa. Nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, zilitua katika ufuo wetu, na sehemu kubwa ya Kenya na majirani zake walifunguliwa njia kupitia hapa. Kwamba mtoto wa shule ya umma aliye kilomita chache kutoka nyaya hizo hana mahali pa kupakia picha moja ya kazi yake, ni jambo ambalo wabunge wetu wanapaswa kuulizwa. Elimu ya msingi na sekondari iko mikononi mwa serikali kuu, lakini kaunti ina vyuo vyake vya ufundi, na vyumba vya kompyuta vya vyuo hivyo vingeweza kufunguliwa Jumamosi asubuhi kwa wanafunzi wa Gredi ya 9 wanaokamilisha majalada yao.

Pana tahadhari moja ambayo walimu wasiipuuze katika bidii yao. Jalada si tangazo la shule. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na mwezi Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja viungani mwa Nairobi faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Picha ya dau haihitaji uso wa mchongaji. Mikono inatosha, na jina kamili, namba ya usajili na mtaa anakoishi mtoto havina kazi humo. Uamuzi wa nani aonyeshwe jalada uwe wa mwanafunzi na mzazi wake, hata kama mwalimu mkuu anatamani kulibandika kwenye ukurasa wa shule kabla ya siku ya wazazi.

Naiomba Wizara ya Elimu pamoja na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala zitoe mwongozo mfupi, usiozidi kurasa mbili, utakaosema jalada liwe na kazi ngapi, lihifadhiwe vipi, na mwanafunzi alikabidhiwe lini. Jalada lisitiwe alama, tafadhali. Tukilitia alama, mwaka utakaofuata tutalikuta likiuzwa saiba.

Wakati tukisubiri mwongozo huo, mimi na mjukuu wangu tumeanza upya. Katika simu ya mama yake tulipata sekunde 40 za ule utenzi, zilizotumwa siku ile ile kwa shangazi aliye Lamu, na Ijumaa iliyopita mtoto alirekodi maelezo yake chini yake. Alisema mshororo mmoja wa ubeti wa tatu una mizani saba badala ya nane, na kwamba siku ile hakuna aliyegundua.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa