Waundaji wa modeli za vyombo vya anga Dodoma wapewe meza ya pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo sijaliona likijadiliwa magazetini, nalo ni uundaji na upakaji rangi wa modeli za vyombo vya kubuni: vyombo vya anga, roboti, vituo vya mwezini na magari ya kutembelea sayari nyingine, kwa jinsi vinavyosimuliwa katika hadithi na filamu za sayansi ya kubuni. Hapa Dodoma tupo watu wa rika na kazi mbalimbali tunaokutana kwa shughuli hii Jumamosi alasiri, leo sebuleni kwa huyu, wiki nyingine uani kwa yule. Ombi langu kwa wanaosimamia maktaba, shule na vituo vya vijana ni kwamba watutengee chumba chenye meza, kwa sababu burudani hii hustawi inapofanywa na kikundi na hudumaa mtu anapojifungia nayo peke yake.

Kwa msomaji asiyeijua, seti ya modeli huuzwa ndani ya boksi ikiwa vipande vya plastiki vilivyoshikamana na fremu. Muundaji huvikata kwa koleo dogo, huondoa kovu la mkato kwa msasa, kisha huviunganisha kwa gundi maalumu ambayo huyeyusha kidogo uso wa plastiki ili vipande viwili viwe kitu kimoja. Kampuni ya FROG ya Uingereza ilianza kuuza seti za plastiki mwaka 1936, na mwaka 1980 kampuni ya Bandai ya Japani ikaanza kutoa seti za roboti za katuni ya Kijapani iitwayo Gundam, ambazo siku hizi nyingi huungana kwa kubanwa tu bila gundi. Ndizo ninazomshauri mtu anayeanza, ingawa zina kasoro moja: hujengeka kwa urahisi mno, na mtu anaweza kumaliza tano bila kujifunza kuziba ufa.

Jambo la kwanza analofundishwa mgeni wetu ni skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu chenyewe, ambayo wengi tuliiacha katika somo la ramani. Katika skeli ya 1/72, mtu mwenye urefu wa mita 1.8 huwa na milimita 25. Katika 1/144 hubaki na milimita 12.5. Roketi ya Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini ilikuwa na urefu wa mita 110 hivi, kwa hiyo katika skeli ya 1/144 hudai rafu yenye nafasi ya karibu sentimita 77 kwenda juu. Chombo cha kubuni hakina kipimo halisi ambacho mtu anaweza kwenda kukikagua, na kwa sababu hiyohiyo hesabu yake inataka uangalifu mkubwa zaidi, maana jicho la mtazamaji hukadiria ukubwa wake kwa mlango, ngazi, dirisha na kishikio. Mlango wa milimita 28 kwenye chombo cha skeli ya 1/72 unasadikika, kwa kuwa ni mlango wa mita mbili; lakini muundaji akibandika riveti, yaani vichwa vya misumari ya kushikizia mabamba, zenye upana wa punje ya mtama, milimita nne tu, amebandika riveti za sentimita 29, na chombo chote kinageuka kitu cha kuchezea hata kama rangi yake imepakwa kwa ustadi.

Watu wengi hudhani kwamba bila seti ghali kutoka ng'ambo kazi haianzi, na ni kweli kwamba seti ikishalipiwa usafiri na ushuru bei yake inamshinda mtumishi wa kawaida, seuze mwanafunzi. Lakini waundaji wa modeli za filamu wenyewe hawakutegemea seti zilizokamilika. Mafundi waliotengeneza vyombo vya filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 walinunua seti za vifaru, meli na ndege, wakachambua vipande vyake na kuvibandika juu ya maumbo yao hadi yakawa na sura ya mitambo mikubwa. Kwa hiyo kutumia kipande cha kitu kimoja kujengea kingine ni sehemu ya asili ya sanaa hii, na hapa kwetu, ambako vizazi vimekua vikiunda magari ya waya na makopo, hakuna sababu ya kuona haya. Sisi hutumia mirija ya kalamu kuwa matangi ya mafuta, vifuniko vya chupa za dawa kuwa midomo ya injini, kadi chakavu za plastiki kuwa mabamba ya ubavuni, na saketi za redio mbovu kuwa paa la kituo cha mwezini. Mikoa yetu ya kati ina hata mfano wa kihistoria. Wakati wa mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 kule Kongwa, kampuni ya Vickers iliunda matrekta yaliyoitwa Shervick kwa kutumia sehemu za vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya vita. Mradi ulishindwa na ukafutwa mwaka 1951, lakini umbo la trekta lile, mnyororo wa kifaru chini na kazi ya shambani juu, ni zawadi kwa yeyote anayetaka kubuni gari la kulimia katika sayari ya Mirihi, na mmoja wetu ameshaanza kulijenga.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Anayejenga peke yake huzoea makosa yake mpaka asiyaone. Modeli ya ndege halisi inaweza kulinganishwa na picha, lakini chombo cha kubuni hakina picha ya kukihukumu. Kinachokihukumu ni mantiki, na mantiki hupatikana kwa kuulizwa maswali na watu wanaojua mambo usiyoyajua. Kwenye meza yetu yupo fundi wa bajaji, yupo muuguzi, yupo fundi cherehani, wapo wanafunzi wa chuo na watumishi wa serikali. Fundi wa bajaji ndiye anayeuliza mafuta yanaingizwa wapi, joto la injini linatokea upande gani, na mtu akitaka kurekebisha pampu afungue bamba lipi. Karibuni mwanafunzi mmoja alikuwa amepaka weusi wa moshi chombo chake chote, kwa usawa, kwa sababu alitaka kionekane kimechakaa. Fundi akamwambia, "Mwanangu, chombo hakichakai kila mahali. Hapa pangeungua, hapa mafuta yangechuruzika kwenda chini, na hapa juu pangebaki na rangi yake, ila pangepauka kwa jua." Binti akamshukuru, akafuta, akaanza upya akiwa na fundi pembeni. Hakuna mwongozo ndani ya boksi ambao ungempa somo lile, na fundi naye hakuwahi kufikiri kwamba anayoyajua ya gereji yana kazi katika sanaa.

Ndiyo maana sisi hupendelea kujenga kwa mada moja. Kikundi hukubaliana mada na tarehe ya mwisho, kisha kila mtu hujenga kwa njia yake na kuleta kazi mezani ikiwa bado mbichi. Mada niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kituo cha kurushia roketi katika pwani ya Afrika Mashariki miaka mia moja ijayo. Tulianzia kwenye jambo la kweli: jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi nchini Kenya, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Vijana wengi walikuwa hawajawahi kulisikia jambo hilo, na liliwaondolea mawazo kwamba habari za anga ni za watu wengine. Katika hatua hii sipendelei mashindano na zawadi. Mahali penye zawadi watu huficha mbinu zao, na faida yote ya meza ya pamoja ni kwamba mbinu haifichwi.

Upande wa rangi una mengi ambayo vitabu vya nje havitufundishi, kwa sababu viliandikwa kwa hali nyingine ya hewa. Hewa ya Dodoma ni kavu muda mrefu wa mwaka. Rangi ya maji ya akriliki hukauka kwenye ncha ya brashi kabla haijafika kwenye plastiki, na dawa yake ni kuiweka juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji lenye maji ndani ya kopo la bapa, ambako hudumu saa nyingi ikiwa laini. Miezi ya kiangazi kuna upepo na vumbi jekundu ambalo likitua kwenye rangi mbichi halitoki, kwa hiyo kazi iliyotoka kupakwa hufunikwa hapo hapo kwa beseni safi. Vumbi hilohilo, likichekechwa kwa kitambaa chepesi na kushikizwa kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ndilo udongo bora wa Mirihi tulioupata, kwa kuwa wekundu wa huku na wekundu wa kule vyote hutokana na kutu ya madini ya chuma. Kwa kuonyesha rangi iliyobanduka sisi hutumia spreya ya nywele ya saluni: kwanza inapakwa rangi ya kutu, juu yake spreya, kisha rangi ya nje ya akriliki; ikishakauka, brashi yenye maji ikipitishwa taratibu huyeyusha spreya na kuibandua rangi ya juu vipande vipande, kutu ikachungulia. Rangi za modeli huchanganywa ziwe zimepauka kidogo kuliko za chombo kikubwa, kwa sababu kitu kilicho mbali hupoteza ukali wa rangi, na modeli ni kitu kikubwa kinachotazamwa kana kwamba kiko mbali. Haya yote huweza kuelezwa kwa maneno, lakini ni kazi ya mkono, na mkono hujifunza upesi zaidi ukiutazama mkono mwingine.

Kuna pia suala la vifaa. Kompresa na brashi ya hewa, yaani vifaa vya kunyunyizia rangi kwa hewa, ni ghali, na kwa mtu mmoja hutumika saa chache kwa mwezi. Kwa kikundi hutumika kila wiki. Kikopo cha rangi ya fedha hukaukia kwa mwenyewe kikiwa hakijafika nusu, lakini kikiwa mezani huisha. Usalama nao ni rahisi kusimamiwa panapokuwa na watu wazima: thina na supagluu hazitumiwi bila madirisha wazi, plastiki hupigwa msasa ikiwa na maji ili unga wake usivutwe puani, na mtoto hapewi wembe.

Wapo wanaosema huu ni mchezo wa watoto, na sitawajibu kwa kirefu, kwani kukaa nao nusu saa mezani hutosha. Napenda zaidi kuwaeleza viongozi wetu jambo linalouhusu mji huu hasa. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, Dodoma imejaa watu waliokuja kikazi, wengi wakiwa wameziacha familia Dar es Salaam na kwingineko. Baada ya saa za kazi mtumishi kama huyo hana ndugu wa kumtembelea wala jirani aliyemzoea, na mahali palipo wazi kwake ni baa au simu yake. Nimewaona watu wa namna hii wakifika kwetu kwa aibu, wakakaa pembeni wakisugua kipande kimoja kwa msasa, na baada ya wiki chache wakawa ndio wanaopiga simu kuuliza kwa nini fulani hakufika na kama ni mgonjwa.

Tunachokiomba, Ndugu Mhariri, hakihitaji bajeti kubwa. Maktaba ya Mkoa na shule zenye karakana au vyumba vya sanaa zinaweza kutupa chumba kimoja Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, nasi tutawapokea wanafunzi wao bila malipo, tutafagia tukimaliza, na tutakuja na vifaa vyetu. Waandaaji wa Nanenane pale Nzuguni wangeweza kutupa kona ya kuonyesha kazi za vijana wa mikoa ya kati, na gazeti lako, ambalo hutenga kurasa kadhaa kwa ajili ya mpira, lingeweza mara moja kwa mwezi kuchapisha picha za kazi za mikono za wasomaji. Chumba hicho kiwe na meza pana, taa nzuri na dirisha linalofunguka. Pia tunaomba kabati lenye kufuli na rafu zilizoachana angalau sentimita 80, kwa sababu modeli ambayo rangi yake haijakauka haiwezi kurudishwa nyumbani kwa daladala.

Wako mtiifu,
Muundaji wa modeli,
Area C, Dodoma