Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Mchongaji naye afunguliwe mlango halali wa kupata mpingo

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, na pole kwa majukumu.

YAH: MPINGO WA WACHONGAJI WADOGO

Mimi ni mchongaji wa vinyago hapa Mwenge, Dar es Salaam. Kazi hii nimeirithi kwa baba, naye aliipata kwa mjomba wake, mmoja wa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Mueda, Msumbiji, kuja kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Nakuandikia hadharani kwa sababu shida yangu ni ya wenzangu wote tunaokaa chini ya mabati haya, na kwa sababu inaniuma kuonekana mwizi wa mti ulionilea na kunisomeshea watoto.

Naomba nianze na mti wenyewe. Kwenye makaratasi mpingo ni ujazo tu, na ukiujua kwa ujazo tu hutaelewa ninachoomba.

Gogo la mpingo kwa nje halimvutii mtu. Gome ni la kijivu, shina limepinda na lina mifereji, na mara nyingi katikati kuna uwazi uliotokana na uozo au moto wa msituni. Ukilipasua unakutana kwanza na ukanda wa nje, mweupe unaoelekea manjano, upana wa kidole au viwili. Halafu ghafla unakutana na kiini. Watu husema ni cheusi. Kikiwa kimepasuliwa sasa hivi kina zambarau ndani yake na michirizi ya kahawia; weusi wenyewe unatulia baadaye, kikishapigwa msasa, kikapakwa nta na kushikwashikwa na mikono. Mita moja ya ujazo ya kiini hicho huzidi kilo 1,200, wakati ya maji ni kilo 1,000. Ndiyo maana kipande cha mpingo ukikitia kwenye ndoo kinazama kama jiwe. Mnunuzi akiwa na wasiwasi kwamba ameuziwa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu, tunamletea ndoo.

Uzito huo unatokana na nyuzi zilizoshonana, na juu yake mti una mafuta yake wenyewe, kwa hiyo haunyonyi maji ovyo na mchwa hauwezi. Bibi zetu walijua hilo walipotaka mchi wa kinu usioisha. Mafundi wa Ulaya nao walijua walipouchagua kwa ala za kupuliza kama klarineti, obo na zumari za mfuko za Waskoti. Pumzi ya mpigaji ni unyevunyevu, inapita kwenye lile bomba saa nzima, na bomba halivimbi wala sauti haipotei. Ukitoboa tundu dogo, kingo zake zinabaki kali kama zimetobolewa kwenye chuma. Mimi nategemea sifa hiyo hiyo. Kwenye ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, naweza kutoa mkono mwembamba kama kalamu ukakaa hewani bila kuegemea kitu na usikatike. Mninga haukubali hivyo, pamoja na uzuri wake wote kwa vitanda na milango.

Lakini mpingo haujitoi bure. Patasi inakufa makali upesi, unachonga kidogo unarudi kwenye jiwe la kunolea. Vumbi lake linawasha ngozi na kupigisha chafya. Kijana mgeni wa kazi anaweza kushinda macho yamevimba. Gogo likiachwa juani bila kupakwa nta kwenye ncha, linapasuka kutoka kichwani kwenda ndani, na likishapasuka hivyo hakuna cha kuokoa. Na mti wenyewe unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kila ninapopiga tezo ya kwanza najua nimeshika kitu kilichoanza kuota kabla babu yangu hajavuka mto.

Sasa shida yangu. Miaka michache iliyopita nilinunua vipande viwili vya mpingo kwa mkulima aliyekuwa anasafisha shamba la ufuta. Mti ulikuwa umeshaangushwa, na tanuri la mkaa lilikuwa linaandaliwa pembeni. Nililipa, tukaandikiana, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Njiani, kwenye kizuizi, nikaulizwa hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Sikuwa nayo. Afisa hakuniomba chochote wala hakunitukana. Alinisomea kanuni, na kwa kanuni hiyo alikuwa sahihi. Vipande vikashushwa, vikaegeshwa ukutani. Miezi sita baadaye nilipita tena pale kwa basi. Bado vilikuwepo, juani, na ncha zote mbili zimepasuka hadi kwenye kiini. Nilivitazama dirishani mpaka basi likaondoka. Mti ule haukuwa kinyago, haukuwa mkaa, haukuwa mapato ya serikali.

Nikaamua nifuate njia. Nikaelezwa kujisajili kama mfanyabiashara wa mazao ya misitu, kuomba kibali cha uvunaji, kusubiri kamati ya wilaya ikae, kulipia kwa ujazo, kisha kutafuta watu wa kukata na gari la kubeba. Ni utaratibu mzuri kwa mtu wa lori. Mimi kwa mwaka mzima natumia magogo ambayo hayajazi nusu ya pikapu. Nauli za kwenda na kurudi wilayani peke yake zinazidi bei ya mzigo wangu.

Matokeo yake unayajua, Mheshimiwa, hata kama hayamo kwenye taarifa unazoletewa. Mpingo unatufikia usiku, kwa bodaboda, umefungwa kwenye gunia, hauna risiti. Anayeuleta anaogopa, kwa hiyo anakata unaobebeka: miti michanga, ambayo ukiondoa ule weupe kiini chake hakizidi unene wa kifundo cha mkono wangu. Kanuni iliyowekwa kulinda mti mkubwa imegeuka sababu ya kukatwa mti mdogo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata faini.

Na wakati sisi tunahangaika hivyo, mpingo halali upo, na mwingine unatupwa. Fundi wa klarineti anahitaji kipande kilichonyooka, kisicho na fundo, ufa wala doa jeupe. Mti huu haukui hivyo, kwa hiyo kinachotoka kwenye gogo kikiwa kimefaa ni sehemu ndogo tu. Vipande vifupi, vilivyopinda, vyenye fundo na uwazi vinabaki kiwandani au vinaachwa huko huko porini, na mwisho wake ni kuni. Mimi hivyo ndivyo ninavyovitafuta. Mchongaji wa Kimakonde Samaki Likankoa alipoanzisha vinyago vya shetani miaka ya 1950, alifungua njia ya kuchonga umbo lililopinda, jicho mahali pasipotarajiwa, tundu likawa mdomo. Kwangu fundo la mti ni pua, na mpindo ni mgongo wa mzee.

Kusini kuna vijiji ambavyo vimeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao, kuisimamia na kunufaika na mauzo. Kule Kilwa wanakijiji wanahesabu miti yao, wanachoma moto wa mapema ili ule mkali wa kiangazi usiue miche, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Huko kila mti unaouzwa unajulikana ulipotoka.

Ninachoomba ni hiki. Panapokusanywa mpingo halali, kuanzia na vijiji hivyo na viwanda vinavyopasua kwa ajili ya ala za muziki, patengwe mahali pa kumuuzia mchongaji kwa kipande au kwa kilo, apewe risiti na hati moja itakayomfikisha karakanani kwake bila kushushwa njiani. Vipande vigongwe nyundo ya alama kama magogo yanavyogongwa. Vikundi vyetu hapa Mwenge, Mtwara na kwingineko viandikishwe, kila mchongaji awe na kiwango chake cha mwaka, na atakayekutwa na kipande kisicho na alama aadhibiwe. Sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kumtaja, kwa sababu atakuwa anatuharibia.

Kuna na jambo la mlango wa kutokea. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote, umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuuvusha mpaka kunahitaji kibali. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikubaliana ala za muziki zilizokamilika zisidaiwe tena kibali hicho, na bidhaa nyingine zilizokamilika zikaruhusiwa hadi kilo 10 kwa mzigo. Klarineti inapita. Nguzo yangu ya ujamaa, ambayo kwa uzito wa mti huu inavuka kilo 10 kirahisi, inahitaji kibali, na mgeni anayeondoka kesho asubuhi hawezi kukisubiri. Anaiacha, ananunua twiga mdogo. Nchi yetu inakaa kwenye mkataba huo. Naomba isimame na kuwasemea wachongaji kama wenzetu walivyowasemea wapiga muziki.

Naomba pia utazame kwa jirani. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza kuchonga huku kwetu Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nyumbani na kazi ikaenea Ukambani kote. Kwa miaka mingi wachongaji wa Kenya walitumia mpingo na mhugu, mpaka vikawa adimu, na leo wengi wao wanachonga mwarobaini. Wamefanya vema kubadilika, nami nawaheshimu. Ila mwarobaini hautoi mkono mwembamba kama kalamu.

Mheshimiwa, karibu Mwenge siku yoyote kabla ya msimu ujao wa uvunaji, uje na wataalamu wako, nasi tutakaa na kuandika pamoja huo utaratibu wa kipande na kilo. Nimebakiwa na gogo moja la risiti. Liko kivulini nyuma ya banda, ncha zake nimezipaka nta, na sijaligusa tangu mfungo uishe.

Wako mtiifu,

Mchongaji wa vinyago,
Mwenge, Dar es Salaam