Kiswahili kilisikika New York kabla ya Uhuru wetu

Ndugu Mhariri,

Juzi mtangazaji wa redio moja, jina nalihifadhi, alisema jazi ya Marekani haituhusu. Nilikuwa naosha vyombo, nusura sufuria initoke mkononi.

Amtafute Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn ambaye baba yake alikuwa na asili ya Jamaika. Novemba 1960, mwaka na ushee kabla bendera yetu haijapandishwa, aliingia studio New York kurekodi santuri aliyoiita Uhuru Afrika. Naam, kwa Kiswahili! Weston alisimulia kwamba aliwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika wa Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ilisemee bara zima, wakamtajia hii yetu. Mashairi aliandika Langston Hughes, muziki ukapangwa na Melba Liston, na mwanzoni anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akinena Kiswahili. Mwaka 1964 makaburu wa Afrika Kusini wakaipiga marufuku. Walielewa vizuri kuliko mtangazaji wetu.

Naomba redio zetu ziipige tarehe 9 Desemba, mwanzo hadi mwisho, bila kuikatiza kwa tangazo la sabuni.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam