Barua ya wazi kwa mkuu wa kitivo cha uhandisi: tufungulie ile maabara ya netiweki

Profesa, salaam aleikum na shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wako wa zamani, nilisoma umeme na mawasiliano hapo hapo kwako, sahii nafanya kazi ya netiweki hapa Mombasa, mara niko juu ya ngazi Changamwe navuta faiba, mara niko Shimanzi chini ya meza ya mtu natafuta kebo gani imekufa. Chuo sikitaji jina, ukisoma utajijua, na sikuja kumvunjia mtu heshima. Ila barua mbili nilizoleta ofisini hazikujibiwa, na kila mwaka ikifika mwezi wa tano naletewa vijana wenu wa atachimenti nikae nao miezi mitatu, na kila mwaka naona pengo lile lile, ndo nikaona basi niandike hadharani.

Kwanza niseme, vijana wenyewe ni wakali. Hesabu wanazo, wanajituma, adabu wanayo. Tatizo si wao.

Mwaka huu nimepata msichana wa mwaka wa tatu, kichwa kweli kweli. Siku yake ya tatu tukaitwa na ofisi moja ya kliaringi, wanalalamika intaneti iko lakini haifanyi kazi, ukipingi, yaani ukituma kijiujumbe cha kujaribu, inajibu vizuri, imeli ndogo inafunguka, lakini ukituma makaratasi ya kontena yaliyoskaniwa, yale mafaili mazito, inakwama hapo hapo na mzigo wa watu uko bandarini unahesabiwa siku. Kebo ilishapimwa na fundi wao, taa zote 8 za testa zinawaka. Nikamwambia haya mhandisi, tuanzie wapi? Akanitajia matabaka 7 ya OSI, ule mpango wa vitabuni unaogawa kazi ya netiweki ngazi kwa ngazi, kutoka chini hadi juu bila kukosea hata moja, halafu akanyamaza. Nilimuona usoni anatafuta pa kushika na hapana pa kushika.

Nikafungua Wireshark kwenye laptopu yangu, programu ya bure kabisa Profesa, inakuonyesha kila kitu kinachopita kwenye netiweki, nikamwambia tuma lile faili halafu usiseme kitu, angalia tu. Mistari ikaanza kushuka, mara ikaanza kutoka ile myeusi yenye maandishi mekundu, mingi, imefuatana. Nikamuuliza unaona nini. Akasema inatuma kitu kile kile mara mbili mara tatu. Kwa nini? Kwa sababu upande wa pili haujasema umepokea. Kwa hivyo paketi, vile vipande vya data, zinapotea. Zinapotea wapi, na kebo yenyewe haifiki mita 30?

Tukang'oa koneta, kile kichwa cha plastiki mwisho wa kebo, nikampa tochi asome rangi. Ndani kuna waya 8 zilizosokotwa mbili mbili kwa rangi, na fundi alizipanga jozi kwa jozi, chungwa mbili, kijani mbili, buluu mbili, kahawia mbili, na kule mwisho wa pili vile vile, ukiangalia kwa macho imependeza. Lakini swichi yao ni ile ya zamani ya megabiti 100, inatumia jozi mbili tu, moja ya kutuma na moja ya kupokea, pini ya 1 na 2 na pini ya 3 na 6, na hiyo 3 na 6 lazima iwe jozi moja, ile ya kijani, ndo maana kwenye mpango unaotakiwa kijani inapanuliwa na buluu inakaa katikati yake. Kwa mpango wa fundi, 3 ni kijani na 6 ni buluu, waya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja. Testa haiwezi kujua hilo, inauliza tu waya umefika upande wa pili au haukufika, haiulizi umesokotwa na nani. Na kule kusokotwa ndo kunafuta kelele za umeme, bila hivyo kelele zinaingia, biti zinaharibika, paketi inatupwa. Pingi ni paketi fupi inajipenyeza, paketi ya baiti 1,500 kila mara inapata doa.

Aliushika ule waya kimya, akaufungua msokoto kidogo kwa kucha, akaurudisha. Halafu akasema, "Kaka, kumbe hii ndo ile ya mwaka wa pili, mkondo wa waya mmoja kuingilia waya wa jirani?" Nikamwambia ndo hiyo hiyo. Akaniuliza, "Sasa mbona hatukuambiwa?"

Profesa, sikuwa na jibu la kumpa. Huyu mtoto amefaulu somo la sumaku-umeme na amefaulu somo la netiweki, yote mawili kwako, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba yanakutana ndani ya kebo ya kawaida. Mwanafunzi wa uhandisi ndo mtu pekee anayeweza kuiona netiweki kuanzia umeme wa waya mpaka ukurasa unaofunguka kwenye simu, anakuja na nusu ya elimu mkononi, sisi tunamkalisha tunamsomea slaidi anakariri majina ya matabaka apite mtihani. Kwani hata intaneti haikungoja hayo matabaka 7, mtandao wa ARPANET, mama wa intaneti, ulihamia TCP/IP, lugha ambayo intaneti inatumia mpaka leo, tarehe 1 Januari 1983 na OSI ikachapishwa rasmi 1984. Sisemi yasifundishwe, nasema yasiwe mlango wa kuingilia. Mpe mwanafunzi paketi moja kwanza, aikamate, aifungue, aone anwani ya IP iko wapi na namba ya poti iko wapi, aone zile salamu tatu za TCP kabla mazungumzo hayajaanza, hapo hayo matabaka atayaona mwenyewe hata kabla hujayataja.

Na mimi nilipitia hivyo hivyo. Maabara ilikuwepo mwisho wa ile koridoo, tulikuwa tunachungulia dirishani, swichi ziko kwenye raki na nailoni zake hazijatolewa, kila tukiuliza tunaambiwa vifaa vitaharibika. Nimeambiwa na hawa wa mwaka huu kwamba bado imefungwa. Profesa, wewe ni mtu wa hapa, unajua chumvi ya bahari inafanya nini kwenye chuma. Kifaa kilichofungiwa Mombasa kinaoza tu, afadhali kiharibikie mikononi mwa mtoto anayejifunza.

Halafu jambo hili linanikera zaidi kwa sababu tuko Mombasa. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia pwani hapa 2009, EASSy ikafuata 2010, intaneti ya nchi hii na ya majirani inapita chini ya miguu yetu, na mwanafunzi wetu anafundishwa ucheleweshaji, yaani muda data inaokaa njiani, kwa mfano wa A na B ubaoni. Mpe mfano wa nyumbani. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, TEAMS kutoka hapa hadi Fujairah kule Emirati ni karibu kilomita 5,000, kwa hivyo ni milisekunde 25 kwenda na 25 kurudi, kwa njia hiyo hata ununue rauta ya bei gani hushuki chini ya 50. Mwambie akapime mwenyewe kwa pingi na traceroute, ile inayotaja kila kituo cha njiani, aone zile milisekunde za ziada zinatoka wapi. Februari 2012 meli iliyokuwa inangoja kuingia bandarini iliangusha nanga pasipotakiwa na TEAMS ikakatika, Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika siku moja huko kusini, waulize darasani kwa nini siku hizo tulikwenda polepole na hatukuzimika kabisa, utafundisha BGP, ile namna mitandao mikubwa inavyoambiana pa kupitia, wiki nzima na hakuna atakayesinzia.

Ninachoomba si kikubwa. Maabara ifunguliwe, na nusu ya maksi za somo zitoke kwa mikono, mwanafunzi akrimpi kebo, yaani abane koneta mwenyewe, agawe subneti, vile vipande vya netiweki, halafu aziunganishe kwa rauta, apewe netiweki iliyoharibiwa makusudi aitengeneze kwa saa mbili. Kompyuta kuukuu yenye Linux inatosha kuigiza mashine kumi. Kama hofu ni vifaa, mimi nina rauta mbili za MikroTik tulizozitoa kwa mteja, swichi moja, boksi la kebo limebaki zaidi ya nusu na mkasi wa kukrimpi, nitavileta na sitaki vitu vyangu virudi. Jumamosi zangu ziko wazi kuanzia saa tatu asubuhi, na yule msichana amesema atakuja kunisaidia kuwaonyesha wenzake rangi.

Namba yangu iko kwenye barua ya pili, ile ya bahasha ya kaki, niliiacha kwa sekretari wako.