Si kila ardhi inalilia miti

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu upandaji miti niliisoma hadi mwisho, na mengi nayaafiki. Kilichonikera ni pale mlipoiita nyika ya magharibi mwa Kansas ardhi tupu inayongoja miche. Naishi huku. Si tupu hata kidogo.

Kuna ndege wa jamii moja na kwale, kuku mdogo wa prairi (yaani nyika ya nyasi), anayepatikana katika majimbo matano tu duniani: Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico na Colorado. Alfajiri za Aprili majogoo hukusanyika penye nyasi fupi, kila mmoja na kiwanja chake. Manyoya ya shingo husimama kama masikio ya sungura, vifuko vyekundu shingoni hufura, na miguu hupigapiga ardhi upesi upesi. Majike hupita katikati yao wakijifanya hawaoni.

Jike huyo akienda kutaga huukwepa mti. Utafiti uliofanyika Kansas haukukuta kiota hata kimoja palipozidi miti miwili kwa hekta. Mti ni kituo cha mwewe. Hata nguzo za umeme huzikimbia, na (najua hili litawaudhi baadhi ya wasomaji) inahofiwa kuwa mitambo ya upepo pia.

Kati ya 1934 na 1942 serikali ya Marekani ilipanda miti zaidi ya milioni 200, kutoka Dakota Kaskazini hadi Texas, ili kuzuia upepo. Siwalaumu; udongo ulikuwa unapeperuka. Lakini mierezi myekundu, iliyokuwa miongoni mwa miti hiyo, sasa imevamia malisho, maana moto wa nyika uliokuwa ukiteketeza miche yake watu waliuzima. Wafugaji wa huku wanaikata kwa mashine na kuchoma nyasi kwa zamu. Wengi hawafanyi hivyo kwa ajili ya ndege, bali ng'ombe wapate kula.

Mwaka 2022 ndege huyu aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaufuta uamuzi huo. Makazi yake karibu yote yako katika ardhi ya watu binafsi, kwa hiyo sasa anategemea zaidi hiari ya hao wafugaji.

Makala ijayo, tafadhali, itaje pia mahali ambapo miti haifai kupandwa.

Msomaji wenu,
Kansas, Marekani