Jumamosi tunachora mitaro yetu

Habari za jioni ndugu zangu, poleni na majukumu.

Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa 4 asubuhi. Mara ya mwisho tulipolalamikia mafuriko tuliambiwa mtaro wetu haupo kwenye ramani, na kweli haukuwepo. Basi tuuweke wenyewe. Tandale wakazi walishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2011 wakaichora kata yao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, nasi tunaweza.

1. Tukutane Jumamosi saa 1 asubuhi, pale kwenye mwembe. Simu iwe na chaji.

2. Wawili wawili kila njia: piga picha mtaro, pima kina, andika palipoziba. Kalavati la nyuma ya msikiti limejaa mchanga hadi juu. Mama Zawadi naomba uongoze huko, maji yanakuingilia hadi chumbani. Sura za watu tusipige.

3. Mchango sh. 2,000 za bando na kuchapa ramani, kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa jioni.

Wazee wasio na simu janja waje pia, tafadhali. Wao ndio wanaojua maji yalikopita zamani.

Andika NIPO na njia yako kabla ya Alhamisi saa 3 usiku, nipange makundi.