Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Nyaraka za Taifa, Nairobi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pale Uhuru Park pana sanamu iliyozinduliwa Septemba 2015. Mwanamke anampa chakula mpiganaji wa Mau Mau, waliopigana na Waingereza msituni miaka ya 1950, na kila mmoja ametazama kando. Wapo wanaodhani mchongaji alikosea. Hakukosea: usiyeijua sura yake huwezi kumtaja, hata ukiteswa.

Ndivyo mtandao wa siri wa Mau Mau ulivyofanya kazi. Kamati kuu ya siri, wenyewe wakiiita Muhimu, ilipeleka msituni risasi, dawa, fedha na vijana, na mizigo mingi ilipita mikononi mwa wanawake. Jenerali Erskine, mkuu wa majeshi ya Waingereza nchini, alilielewa hilo kuliko vitabu vyetu vya shule. Tarehe 24 Aprili 1954 hakuanza na msitu, aliizingira Nairobi. Katika Operesheni Anvil watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini, na msitu ukaanza kufa njaa.

Sasa hapo ndipo penye shida yangu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, aliandika barua, kwa hiyo tunamsikia. Mama wa kikapu hakuandika kitu, na aliyemwandika ni askari aliyemkamata. Hata makaratasi hayo, baadhi yake yalihamishwa: mwaka 2011 Uingereza ilikiri kuficha Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37. Na yule ambaye hakukamatwa kabisa, yaani aliyeifanya kazi vizuri kuliko wote, hana jalada popote. Fidia ya Uingereza ya 2013 iliwafikia watu 5,228 walioteswa. Yeye angeonyesha nini?

Naomba idara yako itume watu wenye vinasa sauti Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu, Meru, na mitaa ya zamani ya Nairobi. Wasikilize kwa lugha ya mzee mwenyewe, wasimkatize kwa fomu. Msichana aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Anvil ameshavuka 85, kwa hiyo msingoje bajeti ijayo.

Wengine watakataa kusema. Walikula kiapo, na hakuna aliyewahi kuja kuwafungua. Hao waandikeni hivyo hivyo: kwamba mlifika, mkakaribishwa chai, mkanyamaziwa.

Wako,
Msomaji wa chumba chenu cha kusomea